Ua Lililogoma Kufunguka

Jumatatu, 3 Machi
Bibi katoka hospitali, jicho la kulia limefungwa bandeji. La kushoto linaona ukungu tu. Bandeji inatolewa Ijumaa. Nimemwahidi kuwa kitu cha kwanza kukiona kitakuwa tulipu langu jekundu, nililolipanda mwenyewe kutoka kitunguu chake kwenye ndoo mbovu. Mtaa huu hauna mkulima kama mimi! Kasoro moja ndogo: ua limefumba kama ngumi.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yetu fundi cherehani anayo matatu, yote yamechanua. Kanichungulia juu ya ukuta, akaniuliza hicho kitunguu nitakipikia nini. Eti Ijumaa atamletea Bibi shada. Thubutu!

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua: tulipu likipata joto hufunguka. Akili hizi walimu wangu hawakuziona. Nimelihamishia jikoni, ndoo na vyote, kando ya jiko. Dada akauliza ndoo imekuja kula au kupika. Bibi akasema kutoka chumbani, liache mwanangu, litafunguka lenyewe. Wazee bwana!

Alhamisi, 6 Machi
Limefunguka! Asubuhi kikombe, adhuhuri sahani. Nikamwita fundi aje aumie roho. Kalitazama, kasema mbona limechoka. Wivu huo. Nimeongeza moto.

Ijumaa, 7 Machi
Petali zote sita chini. Nimebaki na kijiti!
Bandeji imetolewa, mimi niko nyuma ya mlango. Fundi akaingia na shada lake. Alipokiona kijiti changu akalificha mgongoni, akajifanya kaja kusalimia tu. Mtu mzima yule, nakiri.
Bibi akaniita. Nikaenda na petali kiganjani. Akachukua moja, akaisogeza karibu na jicho. Akasema kumbe wekundu ndio huu, alikuwa ameusahau. Kisha akanitazama mimi. Akasema nimerefuka, ila masikio ni yale yale.
Machozi yakanitoka. Moshi wa jikoni. Fundi naye, moshi huo huo.

Jumamosi, 8 Machi
Bibi kanifundisha: majani nisiyakate, yakauke yenyewe. Kitunguu kiko hai chini ya udongo, kinahitaji kupumzika, kisiguswe hata kidogo. Nimemwapia kwa mikono miwili.
Mchana nimekifukua kidogo tu. Nilitaka kuhakikisha kinapumzika.