Malalamiko Kuhusu Boliti Nyekundu na Kisu cha Bi. Lempi

Arlo Sundgaard
Tamarack Bend, Minnesota
Februari 19

Kwa Ndugu Duane Kvistad,
Mwenyekiti, Zimamoto wa Kujitolea

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na bomba zako hazijaganda. Mimi ni mzima wa mwili, ila heshima yangu ni mgonjwa mahututi. Namlalamikia mwanachama mwenzetu, Bi. Lempi Jokinen, fundi, mjane, na mbebaji wa kisu.

Kwanza. Unakumbuka nilikitoa kigari changu cha shamba kiwe cha uokoaji, nami nikakipamba kwa mikono yangu: taa mbili juu ya paa, king'ora, winchi ya kuvutia kigari kikikwama, redio ya mawasiliano na kiti cha kupasha joto makalio. Waya zote za ethi, zile za kurudisha umeme kwenye betri, nilizikusanya kwenye boliti moja ya fremu chini ya kiti, zirudi betrini kupitia chuma cha fremu. Na, kwa kuwa sipendi uchafu, boliti na fremu nilikuwa nimevipaka kwanza rangi nyekundu, tabaka tatu. Bi. Lempi akainama, akapima, akasema mbele ya watu wanaokunywa kahawa, "Arlo, umeuvisha umeme koti la mvua. Utarudije nyumbani, kwenye betri?" Nikamjibu, "Umeme unatoka bwawani mpaka jikoni kwangu, ushindwe na rangi?" Watu walicheka. Nilidhani wanamcheka yeye.

Pili. Jumamosi iliyopita kaka yangu Rudy aliteleza ziwani akivua samaki, akavunjika mguu, na simu yake ikatumbukia kwenye tundu la barafu. Mvuvi mwenzake alikuja mbio kutuita. Nikaendesha mimi, Bi. Lempi akakaa nyuma na machela. Nilipowasha king'ora, taa zikafifia. Nilipozima king'ora, redio ikafa. Tukampakia Rudy, tukafika ukingoni, mlima wa theluji mbele yetu, nikabonyeza winchi. Winchi haikusogea hata unywele. King'ora ndicho kilicholia, chenyewe, bila kuombwa. Bi. Lempi alidai eti umeme umekosa njia ya kurudi, sasa unapita kwenye nyumba za jirani, yaani kwenye vifaa vingine. Nami nashikilia kwamba ulikuwa unatuonyesha juhudi.

Kaka yangu alipiga kelele kutoka kwenye machela: "Mdogo wangu, zima hicho king'ora! Nimevunjika mguu, sijawa kiziwi!"

Tatu, na hapa ndipo penye jinai. Bila kibali cha maandishi, Bi. Lempi alichomoa kisu, akakwangua rangi yangu mpaka chuma kikang'aa, akakata waya mnene wa kuamshia betri iliyokufa (waya wangu, Ndugu Mwenyekiti!), akaunganisha ile boliti moja kwa moja na upande hasi wa betri. Dakika sita, mikono mitupu, baridi ya kupasua mawe. Kila kitu kikafanya kazi kwa pamoja. Winchi ikatupandisha, redio ikaita gari la wagonjwa. Nimedhalilishwa mbele ya mgonjwa! Tena Rudy, niliyezaliwa naye tumbo moja, akasema, "Asante, Lempi." Kigari ni cha nani?

Kwa hiyo naomba bodi: Bi. Lempi anyang'anywe kisu. Boliti ipakwe upya kwa gharama zake. Na, ili mzozo huu uishe kidemokrasia, wanachama wapige kura kwamba rangi nyekundu inapitisha umeme. Ikishinda kwa theluthi mbili, umeme utatii kama sisi tunavyotii.

Wasalimie mkeo Bi. Carol na watoto, mchungaji, na wote wa meza ya kahawa, hata waliocheka.

Wako katika utumishi na manung'uniko,
Arlo Sundgaard

N.B. Hayo niliyaandika Jumatatu. Leo ni Jumatano, nimetoka hospitali. Daktari ameniambia Rudy alikuwa ameanza kuganda. Nusu saa zaidi, tungekuwa tunachagua jeneza. Nimerudi nikakaa gereji na msasa, nimekwangua rangi kila mahali panapofungwa waya, na kila kifaa nimekipa waya wake wa ethi peke yake mpaka betrini. Mara mbili nimepita mbele ya nyumba ya Lempi kwenda kumshukuru, mara mbili nimeongeza mwendo. Tafadhali mshukuru kwa niaba yangu. Ila usimwambie nimekutuma.