Siku Nilipozikataza Seli Kufa

Jumatatu, 12 Mei
Dokta Emiliana katugawia mimi na Ikram seli hai, sahani sita kila mmoja. Ambaye zake zitafika Ijumaa zikiwa nzima atakwenda naye kwenye mkutano wa watafiti Arusha. Nimempigia simu mama yangu kule Kibakwe, nikamwambia nimeshachaguliwa. Nimewahi kidogo tu. Yeye ameshaitangazia kwaya nzima.

Jumanne, 13 Mei
Nimepata! Dokta kafundisha kwamba seli huweza kujiua yenyewe, kwa mpango, na kazi hiyo hufanywa na protini. Sikungoja amalize. Seli isipotengeneza protini, itajiua kwa nini? Kwa kamba? Dawa ya kuzuia utengenezaji iko kwenye friji ya maabara. Nimezitilia sahani zangu zote. Ikram yeye anabadilisha maji ya lishe taratibu, kama anayenywesha ndama. Maskini!

Jumatano, 14 Mei
Nimechungulia kwenye hadubini. Seli zimesinyaa, zimemeguka vipande vipande. Labda zimelala.
Saa kumi jioni. Hazijalala. Za Ikram zimenona, zimejaa sahani! Alipokwenda kuswali nikabadilisha stika za majina.

Alhamisi, 15 Mei
Aibu! Dokta kaja siku moja kabla. Akazisifu sahani "zangu". Ikram akasema kwa upole kwamba zake huziwekea alama ya sindano chini. Zikainuliwa. Alama sita, zote kwenye sahani zenye jina langu. Ikawa sina budi kueleza dawa niliyotia. Dokta alicheka mpaka akavua miwani.
"Yoramu, ungekaa dakika kumi tu zaidi!"
Kumbe protini za kuua zimo ndani ya seli tangu zamani, zinangoja. Kuna protini mlinzi anayezibana, lakini hadumu. Lazima atengenezwe upya kila mara. Nimefunga kiwanda cha walinzi, wauaji nimewaachia nyumba.

Ijumaa, 16 Mei
Ikram anakwenda Arusha. Mama kapiga simu: kwaya imenishonea shati la safari. Nikashindwa kusema ukweli. Nikamwambia washukuriwe sana.
Adhabu yangu: kuosha vyombo vya maabara mwezi mzima, na leo kupeleka bango la utafiti la Ikram likachapishwe mjini. Nimelifungua njiani kwenye simu. Pale juu pameandikwa jina lake peke yake, kwa herufi kubwa. Ikram ni herufi tano. Yoramu ni sita. Fundi anasema tukipunguza ukubwa wa maandishi, jina langu litaenea.