Jinsi Fundi Cherehani Alivyoikabili Waranti ya Nyongeza

Jongeeni, enyi wenye masikio na pa kukaa, vyombo mtaviosha baadaye. Maana vita nitakavyovisimulia vilishuhudiwa na wachache, na nusu yao walikuwa wakitazama simu. Namsimulia fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule nzima, mwenye jicho lisilokosea tundu la sindano, ambaye asubuhi ya Jumamosi aliingia duka la kompyuta na bintiye mkubwa ubavuni, ili kuliamua jambo lililowanyima amani tangu barua ya chuo ilipofika.

Binti huyo nyumbani aliitwa Tetemeko, na kila kikombe kilichosalia kabatini kilijua kwa nini. Kompyuta mpakato yake ilikwisha kuchaguliwa. Ilikuwa ya kwanza katika ukoo mzima, na ilipaswa kudumu miaka yote minne ya masomo, kwa kuwa nyingine isingepatikana. Lilibaki swali moja tu: wainunulie waranti ya nyongeza, au waache?

Muuzaji akasimama nyuma ya kaunta kama jemadari ngomeni, akahutubu. "Mama yangu, mwaka wa kwanza kiwanda kinakulinda. Baada ya hapo je? Mtoto yuko bwenini peke yake, kompyuta imezima, mtihani ni kesho. Atamlilia nani? Wewe tia sahihi hapa, ulale usingizi wako."

Tetemeko akamshika mama mkono. "Tuchukue tu, mama. Si unanijua?"

Maneno hayo yalimchoma fundi, kwa kuwa kweli alimjua. Akaipokea kalamu, na muuzaji akaanza kutabasamu tabasamu la mshindi. Lakini fundi huyu, katika miaka ishirini ya kazi, hajapata kuipokea nguo ya mtu bila kuigeuza ndani nje aone mishono yake, na mkono ukishazoea hauulizi ruhusa. Akaigeuza karatasi.

Ewe ulimi wangu, nisaidie kulihesabu jeshi lililokuwa limejificha huko nyuma! Maandishi madogo kama mayai ya chawa, safu juu ya safu, mengine yameegemea ukingoni kwa kukosa nafasi. Fundi akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akayasoma kwa sauti, duka zima likisikia.

"Haihusu kumwagikiwa maji, chai wala soda. Haihusu kuanguka. Haihusu kukaliwa. Kioo kikipasuka, haihusu." Akainua uso. "Sasa inahusu nini, mwanangu?"

"Ubovu wa kiwandani, mama," muuzaji akasema, akitazama kaunta.

"Kwa huyu wangu," fundi akatamka, "ubovu wa kiwandani hautapata zamu."

Muuzaji mwenyewe alicheka. Fundi akaiweka kalamu chini bila kutia sahihi, akalipia kompyuta peke yake, akalikumbatia boksi lake, akatoka akiwa ameinua kichwa.

Hapo mngedhani vita vimekwisha. Lakini nje, kwenye ngazi, hapo aliposimama mlinzi wa duka, Tetemeko alikuwa akilia. "Na ikivunjika je, mama? Nitakuambiaje?"

Ndipo fundi alipoelewa kwamba mtoto hakuiogopa kompyuta. Alimwogopa yeye, na sauti yake. Jambo hilo lilimuuma sana. Akasimama wima, akatangaza kama anayetoa amri kwa milki saba: "Nisikilize. Ikivunjika, utanipigia siku hiyo hiyo. Tutatafuta wa kuitengeneza, na mimi sitafoka. Nimesema mbele ya mlinzi huyu."

"Kweli?"

"Kweli."

Tetemeko akafuta machozi, akafikiri kidogo. "Basi mama, ile pasi yako kubwa. Baba mdogo hakuiharibu. Niliiangusha mimi."

Shikaneni mikono, enyi wasikilizaji. Kwa ajili ya pasi hiyo fundi alikuwa amemnunia shemeji yake mwaka mzima, salamu zake haziitikii, hata msibani alimpa kisogo. Mishipa ya shingo ikasimama. Kinywa kikafunguka. Mlinzi akasogea kando, taratibu, kama mtu mwenye familia. Kifuani mwa mwanamke yule majeshi mawili yakagongana, na kwa kitambo hapakujulikana ni lipi litakalorudi nyumbani.

Kisha kinywa kikafungwa.

"Twende," akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga. "Tupitie kwa baba yako mdogo, nikamwombe radhi."

Na iandikwe, wajukuu waisome na wajukuu wa wajukuu waibishie: kwamba Jumamosi ile, saa tano kasoro robo, kwenye ngazi za duka la kompyuta, shahidi akiwa mlinzi mmoja, fundi cherehani hakufoka.