Malalamiko kuhusu Ubao Mama Uliokataa Kuiona Diski, na Meno ya Mama Mkwe

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kiwanda cha Mbao Mama za Kompyuta.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kompyuta iliyo mezani pako inawaka ukiibonyeza. Yangu haiwaki. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi na kwa adabu, maana tungekutana njiani leo, adabu isingetosha.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ya macho, na wagonjwa wa macho hukosea mlango mara kwa mara, wakaingia kwangu kusoma herufi ukutani wakakuta taya. Humo mna rafu ya taya za plasta, mashine ya kuchonga meno, na kompyuta inayoiamuru mashine hiyo, ambayo viungo vyake vyote vimepachikwa kwenye ubao mama wenu. Bila kompyuta, mashine haisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Wiki iliyopita kidirisha kilinitokea kwenye skrini, kikiwa na ujumbe wa kiwanda chako: sasisho la programu ya ndani ya ubao mama liko tayari, litaimarisha usalama, je, niendelee? Nikabonyeza Ndiyo. Nani anayekataa usalama? Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, feni ikavuma kama inataka kuruka, kisha skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe: "Hakuna diski ya kuwashia. Chomeka diski, bonyeza kitufe chochote." Diski ilikuwa imechomekwa. Na vitufe nilivibonyeza vyote, hata kile ambacho tangu ninunue kompyuta sijajua kazi yake.

Usalama umeimarika kweli, Ndugu Mkurugenzi. Mwizi hawezi kuingia. Tatizo ni kwamba na mwenye nyumba amefungiwa nje.

Sasa naomba uniruhusu nipange malalamiko yangu.

1. Ubao wenu unadanganya. Nilifungua ule ukurasa wa bluu wa mipangilio. Sehemu ya vifaa, diski yangu imeandikwa: jina, ukubwa, na namba yake ya kiwandani. Nikafungua sehemu ya pili, ya diski za kuwashia. Imeandikwa: hakuna. Mtu anayekutaja wewe na baba yako na babu yako, kisha akiulizwa kama kuna mgeni mlangoni anasema hakuna, sisi huku tuna neno lake. Nimelihifadhi kwa heshima yako.

2. Nilipiga simu kwenye huduma yenu. Akapokea binti mwenye sauti ya upole kupita kiasi. Akaniuliza, "Umejaribu kuzima na kuwasha, baba?" Nikamwambia nimefanya hivyo mpaka kitufe kimelegea. Akaniuliza, "Na waya umeukagua?" Nikamwambia, "Binti yangu, waya haukusasishwa. Kilichosasishwa ni ubao." Akasema, "Nakuelewa, baba. Twende hatua kwa hatua." Hapo simu ikakatika, katika mazingira ambayo si lazima niyaeleze.

Waya nikaubadilisha hata hivyo. Nikaihamisha diski kwenye kila tundu lililokuwamo. Nikaichomoa betri ndogo ya duara, nikaipangusa, nikairudisha. Nikajaribu kuirudisha programu ya zamani, ubao ukanijibu kwamba toleo la zamani haliruhusiwi. Yaani mmeniletea mgeni nyumbani na mmemnyima nauli ya kurudi.

3. Mmenilazimisha kwenda kwa Daktari Bisibisi. Huyu ni fundi wa simu wa ng'ambo ya barabara, na dawa yake ya kila ugonjwa ni kufuta yote na kuanza upya. Akaiweka diski sikioni kama anayechagua tikitimaji sokoni. "Hii imeshakufa, mzee. Tufute." Akaichomeka kwenye kompyuta yake apate kuifuta, na pale pale wateja wangu wote wakajitokeza, taya kwa taya, hata ya mama mkwe ikiwa mstari wa mbele. Ni maiti gani huyo anayeitika? Nikaichomoa kwenye kompyuta yake, nikaondoka nayo kwapani. Kwa hiyo diski ni nzima na mwenye kosa amejulikana.

4. Nimefika penye kidonda. Mama mkwe wangu ni mjane, na kabla ya kustaafu alikuwa mnadi wa mnadani. Aliwahi kuuza kabati lisilo na mlango kwa kuwashawishi watu kwamba mlango hula nafasi. Mwaka huu ameposwa na mpima ardhi mstaafu, mtu mzuri, ila ana mabinti watatu wakubwa ambao hawakumtaka mama mkwe. Walikuwa waje Jumamosi kumtazama. Mama akajiandaa kuwateka kwa maneno, kazi anayoijua kuliko sala zake. Siku chache kabla, meno yake ya bandia yakakatika vipande viwili. Akaniletea. Nikampima, vipimo vikaingia kwenye kompyuta, nikamwahidi mapya kabla ya wageni. Kisha kikaja kidirisha chenu.

Jumamosi wakaja. Mama akaketi kwenye kochi, kitambaa kimeziba mdomo, kimya. Wakimuuliza, anatikisa kichwa. Wakisimulia, anaguna taratibu. Aliyekuwa akisikika mpaka mtaa wa tatu! Niliketi pembeni nikitazama sakafu. Mabinti wakaaga, wakaondoka. Jioni mama mkwe akanitumia ujumbe wa simu: "Mkwe, mimi nilikupa binti mzima. Wewe umeshindwa kunipa hata meno?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Naona ninyi ndio mnaopaswa kuujibu.

5. Ndoa yangu mwenyewe imeguswa. Mke wangu ni mkunga. Aliponikuta sakafuni nikivuta nyaya akasema, "Kabla hujavuta, tazama kwanza kimekaaje. Mpigie tena yule binti." Nikamjibu kwamba hapa si wodi ya wazazi. Tangu hapo chakula nakikuta mezani kimefunikwa, na yeye ameshalala au amejifanya kulala.

Kwa sababu hizo, nadai muurudishie ubao wangu akili zake za awali. Pili, mtume ofisa mwenye cheo, na mwenye meno kamili, aende kumwomba radhi mama mkwe ana kwa ana. Onyo ni kwamba asinunue chochote atakachouziwa. Tatu, wakurugenzi wote wakae bila meno ya mbele, wawapokee wakwe zao hivyo hivyo, mpaka kompyuta yangu iwake. Nne, neno "usalama" msilitumie tena bila kibali cha maandishi cha wateja. Na mwisho, ubao mama wowote duniani usisasishwe mpaka diski, mwenye diski na wakwe wa pande zote mbili wakae kikao wakubaliane. Nadhani hayo ni madai ya mtu wa kiasi.

Nisalimie bodi yako ya wakurugenzi, wafagiaji, walinzi, na watu wa zamu zote. Yule binti wa simu mwambie sina kinyongo naye. Aliyebuni kitufe cha Ndiyo msimsalimie.

Ni mimi, mteja wenu kwa shingo upande,

Fundi wa Meno Bandia
(nyuma ya kliniki ya macho, mlango usio na herufi)

Tanbihi: Nasahihisha jambo moja dogo. Barua hii nimeichapa kwa kompyuta ile ile. Jana mke wangu alimpigia yule binti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kumbe mimi nilikata simu hatua ya pili, na dawa ilikuwa hatua ya tatu. Sasisho hurudisha mipangilio ya kiwandani, ubao ukawa unatafuta diski za mtindo mpya, na yangu iliandaliwa kwa mtindo wa zamani. Mke wangu akauchagua mtindo wa zamani kwenye ule ukurasa wa bluu, akahifadhi, ikawaka hata hajamaliza kushukuru. Wakati huo nilikuwa nimeshapanga malalamiko yote kichwani, na hasira iliyopangika vizuri namna hii si ya kutupa.

Meno nimeyachonga, yamemkaa mama barabara. Ila leo asubuhi mabinti wa mpima ardhi wameleta jibu: wamekubali ndoa kwa moyo mmoja. Wanasema waliambiwa ni mwanamke wa maneno mengi, kumbe ni mpole, msikivu, hamkatizi mtu. Mama mkwe amenituma nikushukuru sana. Meno ameyaweka kwenye glasi ya maji, na anasema atayavaa siku ya pili ya ndoa.