Muwa Wenye Msimamo

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kuona serikali ikikasirishwa na muwa? Mimi nimeona, tena nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mikono.

Tangazo lilitoka redioni kabla ya matangazo ya vifo, ndipo tukajua ni jambo zito. Wizara imeunda Kamati Kuu ya Kubaini Muwa Mmoja. Miwa yetu, redio ilisema, haina msimamo. Ya bondeni inanawiri bondeni, ikipandishwa mlimani inadumaa. Ya mlimani ikishushwa bondeni inaoza mizizi. Tabia hiyo haivumiliki. Utachaguliwa muwa mmoja wa kutegemewa kila mahali, na mingine yote itang'olewa.

Mimi niliteuliwa mjumbe wa akina mama wakulima. Nilipewa faili tupu na chupa ya maji, nikaambiwa nisiifungue mpaka mwenyekiti afungue yake.

Wifi yangu, mjane wa kaka, alikuja kila kikao akakaa benchi la wasikilizaji. Ana shamba bondeni la miwa ya zambarau, miwa inayokunywa maji kama ng'ombe. Hilo shamba ndilo mume, ndilo ada ya watoto, ndilo sufuria jikoni.

"Wifi, mtaning'olea miwa yangu?" aliniuliza mlangoni.

"Tulia, wifi. Mambo yanakwenda kwa utaratibu."

"Huo utaratibu ndio unaoninyima usingizi."

Basi aina mbalimbali zikapandwa mahali patatu: bondeni kwenye tope, mlimani kwenye baridi, na kule kwenye mchanga ambako hata mbuzi hupita haraka. Msimu ukaisha. Mkurugenzi wa Miwa wizarani, mtu mpole wa suti ya kijivu, akasimama kutusomea matokeo.

"Ndugu wajumbe, aina ya zambarau bondeni imepita paa la nyumba, mlimani imeishia kiunoni. Kigeugeu." Tukaguna. "Aina ya mistari mlimani ni tamu, mchangani haina hata utomvu. Ndumilakuwili." Tukaguna zaidi. "Sasa namba tisa." Akavua miwani, akaifuta polepole. "Namba tisa bondeni imeoza. Mlimani imekufa kwa baridi. Mchangani imekauka. Matokeo hayakutofautiana hata kidogo. Ndugu wajumbe, huo ndio msimamo."

Nikapiga makofi, kwa kuwa nilikuwa mjumbe.

Wifi akanyoosha mkono. "Sasa baba, sukari itatoka wapi?"

"Mama, hilo waulize watu wa kiwanda. Sisi hapa tunashughulika na uthabiti."

"Kufa nako ni uthabiti?"

"Kufa kila mahali, ndiyo. Kufa mahali pamoja tu, huo ni uzembe."

Likaandikwa. Kazi ya kung'oa ikapangwa ianze baada ya uzinduzi, na bonde likawa la kwanza. Wifi alirudi nyumbani bila kuniaga.

Siku ya uzinduzi Waziri mwenyewe alikuja. Namba tisa iliwekwa mezani, kijiti kimoja kikavu kimefungwa utepe. Waziri akaombwa aonje. Akauma, ukasikika mlio wa kuni. Akatafuna kwa adabu, akatema kwenye leso, akaomba aelezwe. Mkurugenzi akamweleza kila kitu, mpaka kuoza.

"Kipimo kizuri," Waziri akasema. "Kinafaa miwa tu?"

"Kinafaa chochote, Mheshimiwa," Mkurugenzi akajibu haraka, maana alikipenda kipimo chake.

"Wewe kabla ya miwa ulikuwa wapi?"

"Idara ya Mifugo, Mheshimiwa."

"Na kabla ya mifugo?"

"Maji."

Kutoka benchi la nyuma wifi akasema, bila kunyoosha mkono, "Kote matokeo yalikuwa yaleyale."

Hakuna aliyecheka, kwani ilikuwa shughuli ya kiserikali. Ila dereva wa Waziri alishikwa na kikohozi, akalazimika kutoka nje.

Waziri hakukasirika. Aliagiza, kwa heshima zote, kwamba mtaalamu aliyebaini uthabiti naye athibitishwe: msimu mmoja bondeni, mmoja mlimani, mmoja mchangani, akilima kwa mikono yake. Mpaka matokeo yake yatoke, muwa wa mtu usiguswe. Kamati ikaafiki kwa kauli moja. Mkurugenzi naye aliafiki, mazoea.

Akaanzia kwa wifi. Nilikwenda kushuhudia kama mjumbe, nikakalia ndoo iliyofudikizwa. Tope lilikwishameza kiatu chake kimoja, naye anakitafuta kwa mpini wa jembe.

"Acha hicho, baba, kimeshakuwa mbolea," wifi akamwambia. "Inama, majani yanakata uso. Hivi, hapa hakuna ukumbi wala wajumbe..."

"Mjumbe nipo," nikasema.

"Wewe nyamaza, leo huna makofi ya kupiga." Akamgeukia tena. "Niambie kweli, baba. Huo muwa mmoja ulikuwa wa nini?"

Mkurugenzi akajipangusa uso kwa mkono wa tope, ukazidi kuchafuka. Akaitazama miwa ya zambarau iliyompita kimo, maji yakimfika magotini.

"Mama," akasema, "nilitaka muwa mmoja tu, niupande chini ya dirisha la ofisi, niwe naikagua miwa ya nchi nzima bila kuvua viatu."