Uzinduzi wa Maporomoko Mapya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye simu yake haipatikani. Waheshimiwa wazee wa ukoo, wachungaji, mapadri, mashekhe na mastekholda wa ngazi zote. Wageni wetu wa heshima, Ndugu Harshad na mkewe Bhavna, waliopanda kutoka Arusha mjini kwa mapumziko mafupi. Na ninyi wananchi wa kawaida mliokaa kwenye majani: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi Aristides, Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Vivutio vya Mlimani, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha inayotaka kunirusha, kwa sababu leo, hapa miguuni mwa Mlima Meru, tunazindua hifadhi yenye maporomoko ya kiwango cha kimataifa na njia za kutembea, mradi ambao, kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyoifanya peke yangu, umetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne. (Vigelegele. Sauti ya mwanamke: "Hayo ni maji yangu!")

Asante kwa mchango, mama. Yatazameni yanavyoruka! Juzi tu mwamba ule ulikuwa mkavu kama kisigino, na leo Ndugu Harshad amelowa mpaka soksi, anacheka, anapigwa picha na mkewe. Kama huo si utendaji wenye matokeo chanya, ni nini? (Kicheko.)

Aa, kumbe ni Mama Pudensiana. Shikamoo, mama.

("Marahaba, rudisha maji! Zamu ya mfereji leo ni yangu mpaka jua lizame. Masika yamechelewa, maharage yapo kwenye maua, yakikosa maji leo sivuni kitu! Uliyageuzia huku ukisema unaosha mwamba tu!" Wanawake: "Mrudishie!")

Mama, sisi watu wa mifereji tunaheshimu zamu kuliko kitu chochote, na ndiyo maana nakuomba utambue kwamba maporomoko nayo yameingia kwenye zamu kama mdau mpya, na maharage yako yatanufaika baadaye kupitia mnyororo wa thamani. (Miguno. Mama Pudensiana anabeba jembe, anapanda kuelekea mferejini.)

Wageni msishtuke, mama anakwenda kufanya ufuatiliaji. Nikirejea kwenye njia zetu za kutembea, ile mliyopita asubuhi imesanifiwa kumpa mtalii mandhari, mazoezi na harufu ya asili (sauti: "Ya ng'ombe!"), na katika bajeti ijayo tutaweka gari la kamba, makumbusho, na sanamu ya mwasisi wa mradi, ambaye kwa unyenyekevu sitamtaja. (Maji yanapungua. Yanadondoka. Yanakatika. Bhavna: "Jamani, yameenda wapi?")

Dada Bhavna, hongera, umeshuhudia awamu ya pili! Maporomoko makavu, rafiki wa mazingira, yanayomwezesha mgeni kuuona mwamba bila kulowa! (Watu wanagaragara kwa kicheko. Harshad anakamua soksi.)

Utalii hoyee! ("Maharage hoyee!") Aristides hoyee! ("Pudensiana hoyeee!")

Basi, kwa heshima na taadhima, namalizia kwa kumshukuru Mama Pudensiana, aliyetupatia maji ya mfereji wake, njia ya ng'ombe wake, na mlango wa jiko lake tulioung'oa kuwa kibao cha KARIBU HIFADHINI. Vijana, tafadhali, mkaurudishe mlango kabla hajashuka na lile jembe. Asanteni kwa kunisikiliza.