Nimepeleka Sheria za Drafti Ukweni

Jamani, leo nimejivua nguo ukweni. (Za mwilini zipo zote, tulieni. Nazungumzia heshima.) Nimefika Tandika sasa hivi, hata viatu sijavua. Bora mlisikie kwangu kabla jirani yangu Dulla hajaongeza chumvi.

Kwa wasionijua: naitwa Rajabu, fundi friji. Wiki saba zilizopita mjomba wangu alipeleka barua ya posa Boko, kwa Mzee Kondo, baba yake Zuhura. Wiki saba! Jibu hakuna. Si ndiyo, si hapana. Nikienda kusalimia napewa chai, naulizwa habari za kazi, naaga, narudi Tandika. Nimekonda mpaka mkanda nimeutoboa tundu jipya.

Mzee Kondo ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na ana ugonjwa mmoja: chesi. Zuhura aliniambia mapema, "Jifunze kucheza. Baba mtu asiyecheza naye anamwona mgeni tu." Mie chesi ningeijulia wapi? Nimekulia kwenye drafti ya vizibo vya soda. Pale kijiweni naitwa Tingatinga, na si kwa sababu ya upole.

Mwalimu wangu akawa Dulla huyohuyo, mwenye duka la vipuri. Ana ubao wa chesi ambao ngome moja ilipotea, kwa hiyo tunatumia kifuniko cha dawa ya mswaki. Mwezi wa kwanza nilicheza kwa adabu zote. Nalinda mfalme, nalinda malkia, nalinda mpaka kifuniko. Nikafungwa na kila mtu, hadi muuza kahawa. Dulla akachoka.

"Braza, wewe kulinda huwezi," akaniambia. "Shambulia! Mpe mtu kete kubwa, akiwa anaitafuna, wewe unammaliza."

Hapo nikajipata. Nikajifunza mtego mmoja mtamu kuliko halua. Unamwacha malkia wako wazi, mchana kweupe, kama umesahau. Mwenzako akimla tu, hatua mbili mbele mfalme wake kwisha habari. Kijiweni hakupona mtu. Sote pale ni watoto wa drafti, na kwenye drafti kula ni lazima. Kete ikiwekwa mdomoni unaila kwanza, kufikiri baadaye. Ukiacha kula, kwetu mwenzako anaichukua kete yako na kuitupa nje ya ubao, na maneno juu. Basi wote walikuwa wanakula malkia wangu, na wote walikuwa wanalia. Nikajiona bingwa.

Jana Zuhura akanitumia ujumbe: "Baba anasema uje kesho asubuhi mcheze. Shangazi Kibibi atakuwepo." Nikakaa kitandani. Shangazi Kibibi ni dada mkubwa wa Mzee, ndiye aliyeipokea barua, na ukoo ule hauchukui mkeka wala mume bila yeye kuupapasa kwanza. Nikajua majibu yanatoka. Leo ni leo.

Saa nne nimefika Boko, shati jeupe, nimenyoa. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu." "Shikamoo shangazi." "Marahaba," huku akinitazama kuanzia kichwani hadi soksini. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi. Zuhura akaleta vitumbua, akanikonyeza, akakaa mlangoni na mama yake. Yaani hadhara imekamilika.

Ubao wa Mzee ni wa mbao, umesuguliwa mpaka unang'aa. Kete zote zipo. (Nilihesabu. Mazoea.) Akasema, "Mgeni aanze."

Nikaanza taratibu. Kitunda, ile kete ndogo, mbele. Farasi nje. Mzee naye farasi nje. Tunasogeza, tunakunywa chai, kimya, adabu tele. Shangazi akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Nilimwona! Laiti ningebaki hapo.

Mara Mzee akachukua tembo wake, ile kete inayokwenda mshazari, akamweka amkodolee macho farasi wangu. Na nyuma ya farasi yuko malkia wangu. Yaani farasi akiondoka, malkia analiwa. Moyo wangu ukapiga pwaa! Ni mtego wangu uleule! Mzee mwenyewe ameingia kwa miguu yake, wala sijamwita!

Sasa hapa naomba mnielewe. Mimi sikunyanyuka. Ni Tingatinga aliyenyanyuka.

Nikamshika farasi, nikaruka naye, nikala kitunda cha Mzee, nikambamiza ubaoni kama kizibo cha soda. PAA! Vikombe vikaruka. Nimesimama, mkono kiunoni, kidole kinaelekea kwa malkia.

"Kula! Kula hiyo! Lazima ule!"

Mzee Kondo akashusha miwani. "Nile nini, mwanangu?"

"Malkia huyo hapo! Kula tukuone! Leo utalala na viatu!"

(Nimemwambia mkwe atalala na viatu. Baba mzazi wa mke wangu mtarajiwa. Mtu niliyekuwa namwamkia nimeinama.)

Mlangoni nikasikia Zuhura akisema, "Yaa Rabi." Hilo lilipaswa kuniamsha. Wapi!

Mzee akautazama ubao. Akautazama sana. Akanyoosha mkono polepole, nami natabasamu mpaka gego la mwisho, nangoja amguse tembo wake aje ale malkia. Mkono ukampita tembo. Ukamchukua farasi wake aliyekuwa pembeni, ambaye mimi kwa tamaa zangu sikumwona kabisa, ukamla farasi wangu. Malkia wangu akaachwa palepale, mzima wa afya.

Kijiweni hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo! Akili ikasimama. Mkono haukusimama.

"Hujala!" nikapiga kelele. "Umeacha kula! Hiyo imetoka!"

Nikamnyakua tembo wa Mzee. Nikamtupa nyuma ya bega bila kutazama, kama tunavyofanya siku zote, kwa sababu kijiweni nyuma yangu huwa kuna ukuta wa duka la Dulla.

Leo nyuma yangu alikuwepo Shangazi Kibibi.

Chubwi!

Nikageuka. Tembo amezama kwenye kikombe, chai imemwagika kwenye kanga mpya ya shangazi, na tone moja linamtiririka puani. Hakujifuta. Akachukua kijiko, akamvua tembo kama mtu anayeopoa mbuzi kisimani, akamwinua juu tumwone wote.

"Kondo," akasema kwa upole wa kutisha. "Ile barua ilisemaje? Nikumbushe."

Mzee akakohoa. "Kijana mpole, mtulivu, asiye na makuu."

"Aaa. Nilidhani nimesahau."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikapiga magoti hapohapo, naomba radhi kwa shangazi, kwa Mzee, kwa mama, nikajikuta namwomba radhi hata tembo. Mama Zuhura akaingia ndani haraka, kaziba mdomo na mtandio. Sikujua analia au anacheka. Kijasho kikanitoka, shati jeupe likawa taulo la kuogea.

Mzee akampokea tembo, akamfuta kwa leso, akamrudisha mahali pake.

"Rajabu."

"Naam, baba."

"Kwenye chesi mtu halazimishwi kula."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Nimejua sasa hivi, baba."

"Haya kaa. Zamu yako."

Tuendelee?! Nikakaa. Kichwa kimejaa chai ya shangazi, ubao siuoni. Nikasogeza kitunda cha pembeni kabisa, ilimradi nimesogeza kitu. Mzee akamshika tembo yuleyule, bado ana unyevunyevu, akaja taratibu akala malkia wangu.

"Sasa nimekula," akasema. "Umeridhika?"

Zuhura alianguka mlangoni kwa kicheko. Mchumba wangu mwenyewe! Hatua nane baadaye nikafungwa, mfalme katikati ya ubao kama mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

Nikaomba ruhusa niondoke. Kwa kweli nilikuwa najua yamekwisha. Wiki saba nimengoja, na nimeyamaliza mwenyewe kwa kurusha kete moja. Naogopa hata kumtazama Zuhura. Shangazi Kibibi akasema, "Kaa, hujaruhusiwa." Nikakaa.

Akamgeukia kaka yake. "Mimi nilikwambia huyu kijana simwelewi. Kila akija ni 'ndiyo baba, sawa shangazi.' Nikasema hapa tunaletewa mtu au kinyago? Leo angalau nimeona ana damu." Akaikunja kanga yake, ile yenye chai. "Amenirushia tembo. Lakini kaomba radhi mpaka magoti yamechubuka, hakutafuta wa kumsingizia. Mimi kwangu sina neno. Hiyo kanga ataleta doti mbili."

Jamani, nilitaka kumbusu mikono! Nikamtazama Mzee. Mzee anapanga kete upya, moja moja, hana haraka.

"Na mimi sina neno," akasema. "Ila mtu anayetaka binti yangu kwa kasi hiyo lazima ajifunze kutazama ubao mzima. Jibu la barua nitaliandika siku utakayonifunga."

Nikaitikia kwa furaha, "Ndiyo baba!" Nikatoka pale nakanyaga mawingu. Nimefika getini ndipo Zuhura akanishika mkono, na safari hii hacheki.

"Umekubali?"

"Nimekubali! Kwani shida iko wapi?"

"Rajabu, mie nina miaka ishirini na nane. Tangu nimezaliwa sijaona mtu akimfunga baba."

Wenye kujua chesi njooni kwangu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, chai ipo. Wenye kucheka, chekeni huko huko mliko, hapa kuna mtu anatafuta mke.